Vidonge vya Daku

Kama kiburi kingeuzwa kwa debe, Mzee Robow angelisha soko lote la Isiolo na kubakisha cha kupakia lori hadi Moyale. Kiburi chake hakikuwa cha kudharau watu. Alijivunia babu yake, aliyekuja na jeshi la Mwingereza kutoka kwao Usomalini akapewa ardhi badala ya kiinua mgongo. Alijivunia lori lake, ambalo lilipita njia ya Moyale enzi zile njia yenyewe ni mawe na maombi. Alijivunia kwamba tangu abalehe hajawahi kula mchana wa Ramadhani, hata safarini, hata dini ilipompa ruhusa. Lakini juu ya yote alijivunia bintiye, Hamdia, mwanafamasia, mwenye kemisti karibu na kituo cha malori.

Na katika kemisti hiyo Mzee Robow hakuwahi kutia mguu.

Kisa chake kilianza siku ya ufunguzi. Dua imesomwa, sambusa zimeliwa, madereva wenzake wamejipanga nje na vikombe vya chai, na Hamdia anamsubiri babake awe mteja wa kwanza. Mzee akasimama mlangoni, akakohoa kuwanyamazisha watu.

"Wallahi," akasema, "hii duka itatibu Isiolo yote mpaka Merti. Lakini mimi, Robow, sitanunua hapa hata kidonge moja. Mimi na ugonjwa hatujuani."

Wazee wakacheka, wakampigia makofi. Hamdia naye akacheka, lakini moyoni aliumia. Alikuwa ameshaweka kando chupa ya dawa ya kuchua magoti, maana aliyajua magoti ya babake, na alikuwa ameifunga kwa karatasi nzuri. Chupa ile aliirudisha kwenye rafu.

Tangu siku hiyo Mzee akawa mpiga debe wa kemisti bila mshahara. Alimkokota kila mwenye kikohozi na kila mwenye kidonda, akamfikisha kizingitini, na hapo hapo akafunga breki. "Daktari, huyu ni mtu yangu, muangalie vizuri," husema, kisha hubaki nje kwenye kivuli cha kibao cha jina la kemisti, mikono nyuma, kama askari wa lindo. Ndani, Hamdia alimsikia akiwaambia wapita njia, hata wasiouliza, "Huyo ni msichana yangu." Sauti ile ilimjaza fahari mpaka akasahau kuudhika, halafu akakumbuka tena.

Hamdia mwenyewe alikuwa na sifa yake mjini, na si kila mtu aliipenda. Alikuwa na swali. Uje kununua dawa ya jino au ya mafua, kabla hajakupa atakuuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unakunywa siku hizi?" Ukisema hakuna, atakuuliza tena, "Hata ile ya dukani? Hata ya kuombwa kwa jirani?" Watu walikuwa wakivuta midomo. Wengine walimwita Hakimu. Lakini mara nyingi, baada ya swali la pili, mkono uliingia mfukoni na ukatoka na vidonge viwili vimefungwa kwa kipande cha karatasi.

Alikuwa na sababu. Hizi tembe za kutuliza maumivu na homa zina majina mengi kuliko watoto wa shule, na rangi za kuvutia, na nyingi ni mchanganyiko: dawa mbili au tatu zimekandamizwa ndani ya kidonge kimoja. Karibu zote zina parasetamoli. Pembeni yake hukaa ibuprofeni, au diklofenaki, au aspirini. Kila moja peke yake, kwa kipimo chake, ni rafiki. Zikikutana tumboni mwa mtu mmoja ndipo huanza ugomvi, na anayepigwa ni ini, na figo, na ukuta wa tumbo. Hamdia alikuwa ameshalisema hilo hadi koo likakauka.

Ramadhani ya mwaka huu ilikuja na joto na upepo wa vumbi. Mfungo ulipofika katikati, Hamdia aliona kwamba babake amekonda, lakini ni nani asiyekonda mwezi ule? Asubuhi moja alipokuwa akifungua mlango wa kemisti, Kinanu, Mmeru mwenye duka la rejareja upande wa pili wa barabara, akampungia mkono.

"Daktari, habari ya asubuhi. Mama ako aje sasa? Ile kichwa imemwacha?"

"Kichwa gani?"

"Si Mzee amekuwa akimnunulia dawa kwangu. Nikamwambia mpe pole."

Hamdia akashukuru, akaingia ndani akitafakari. Mamake alikuwa mzima jana jioni, tena mzima wa kugombana. Kabla hajamaliza kupangusa kaunta, akaja Dida, Mborana mwenye kibanda kwenye kituo cha malori, kutafuta dawa ya macho ya mtoto. Wakasalimiana salaam aleikum, akaulizwa swali la kila siku, akajibu, kisha naye akauliza lake.

"Na yule kijana wa lori, Lokaale, homa yake imeisha? Babako ni mtu mzuri wallahi. Kila mara anakuja kumnunulia tembe mwenyewe."

Lokaale alikuwa mpakizi wa mizigo wa Mzee, Mturkana mwenye mabega ya kubeba magunia mawili kwa mpigo. Hamdia alikuwa amempita kituoni asubuhi hiyo hiyo, amekaa nyuma ya lori, mbali na macho ya wanaofunga, akishindilia chapati na maharagwe kwa afya njema kabisa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mzee Robow ilikuwa fupi kuliko barabara ya soko la mifugo, kwa sababu kabla ya adhuhuri alikuja Akidor, mama muuza makaa aliyehamia mjini juzi tu kutoka Oldonyiro, naye akawa na pole zake.

"Habari, daktari. Na nyanya yako, yule mama mkwe wa Mzee, magoti yamepona? Nilimuuzia Mzee zile tembe zangu za manjano. Mimi pia zilinisaidia."

Mama mkwe wa Mzee Robow alizikwa kabla Hamdia hajaota meno. Hapo Hamdia akakaa kwenye kiti, akaona jambo lote kwa mara moja. Mama hana kichwa, Lokaale hana homa, na marehemu hana magoti. Mwenye kichwa, homa na magoti ni mmoja. Kwa kuwa aliapa mbele ya wanaume kwamba hatanunua kidonge kwa bintiye, na kwa kuwa hakutaka duka lolote limfanyie hesabu ya ugonjwa wake, amegawa maradhi yake sehemu tatu na kuyanunulia dawa sehemu tatu.

Alifunga kemisti, akapita nyumbani mbio. Sirad, mamake, alikuwa akikanda unga wa anjera za kufuturu.

"Hooyo, kichwa yako iko aje?"

"Iko juu ya shingo," Sirad akasema. "Nani amekuuliza?"

Hamdia akamweleza. Sirad akaacha unga. Akasema kwamba Mzee siku hizi hutokwa na jasho usiku mpaka shuka linaloa, na kwamba wakati wa daku hula matonge mawili, kisha hutoka uani na kikombe cha maji peke yake, na alipomuuliza alijibiwa anaangalia nyota. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," Sirad akasema. "Nenda kwa lori."

Lokaale alimwona Hamdia akija akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Hakusubiri kuulizwa mara mbili, maana alikuwa amebeba mzigo huo muda mrefu na haukuwa wa mabega.

"Daktari, mimi sina homa. Mzee ndio ako nayo, tangu tutoke Biliqo kuchukua mbuzi. Alinikataza kusema. Leo asubuhi ametapika kando ya gurudumu." Akafungua kisanduku cha dashibodi. Ndani, juu ya Qurani ndogo na miwani, palikuwa na pakiti tatu: nyekundu, kijani na manjano.

Hamdia akazigeuza moja moja kusoma yale maandishi madogo ya mgongoni. Ya kwanza, parasetamoli na ibuprofeni. Ya pili, parasetamoli na diklofenaki. Ya tatu, parasetamoli na ibuprofeni tena, kampuni nyingine tu. Akazitia zote tatu mfukoni.

Aliporudi mbio kemisti, alimkuta Mzee amefika kabla yake. Amemshika kiwiko mzee mwenzake mwenye kikohozi, wamesimama mbele ya mlango uliofungwa. "Daktari, huyu ni mtu yangu," akaanza, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa chini ya kisima. Midomo ilikuwa imepasuka. Mkono wa pili ulikuwa umeshika chini ya mbavu za kulia, na hakuonekana kujua kwamba umeshika.

Upande wa pili wa barabara, madereva walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakiwatazama. Hamdia alitamani kupiga kelele. Alijua pia kwamba akipiga kelele, babake atageuka aende zake akiwa amesimama wima, na atakufa hivyo hivyo wima. Alimjua kwa sababu naye alikuwa hivyo; kiburi kile alikinyonya pamoja na maziwa. Basi akafungua mlango, akampa mwenye kikohozi kiti ndani amngoje, akachukua kigoda, akatoka nacho. Akakiweka nje, kando ya kizingiti, kwenye kivuli cha kibao.

"Kaa, Aabo. Mimi ndio nimetoka. Wewe hujaingia."

Mzee akakaa, na kule kukaa kwake bila ubishi kulimwogopesha Hamdia kuliko lile jasho la usiku. Akachuchumaa mbele yake, akazipanga zile pakiti tatu juu ya goti la Mzee. Mzee akaziangalia, akaangalia barabara.

"Lokaale amesema."

"Kinanu amesema, Dida amesema, Akidor amesema. Isiolo yote inampa Hooyo pole. Aabo, unakunywa ngapi?"

"Vile imeandikwa. Mimi si mjinga." Akainua kidevu. "Mbili ya hii, mbili ya hii, mbili ya hii, wakati wa daku. Magharibi nikifungua, tena hivyo. Mchana siwezi kunywa, nimefunga. Kwa hivyo najaza tangi asubuhi. Ukienda safari ndefu huko hakuna petroli, unafanya nini? Unajaza."

Hivyo ndivyo alivyofikiri, na kwa dereva ilikuwa fikra safi kabisa. Hamdia aliona hakuna atakachomweleza kwa lugha ya ini na figo. Akamweleza kwa lugha ya lori, lile lililomlipia karo.

"Aabo, hizi ni lori tatu. Moja nyekundu, moja kijani, moja manjano. Turubai tofauti, jina tofauti. Ukifunua turubai, ndani mzigo ni ule ule. Soma hapa. Na hapa. Na hapa."

Mzee akasoma, akisogeza pakiti mbali na macho. Midomo ikatamka polepole. Akarudia ya kwanza.

"Parasetamoli," akasema. "Zote?"

"Zote. Kila lori limebeba kiasi halali. Lakini umezipitisha tatu juu ya daraja moja, saa moja, na daraja ni ini yako. Mtu mzima amewekewa kipimo ya siku nzima, na kati ya dozi moja na nyingine lazima masaa manne au sita yapite. Wewe umepita kipimo ya siku, na umekuwa ukipita kila siku. Na hizi nyingine zilizopanda pamoja, zinachoma tumbo yenye haina chakula, na zinakausha figo yenye haina maji. Mkojo ni rangi gani?"

Si swali la binti kumuuliza baba. Mzee akajibu akiitazama ardhi. "Chai. Ya rangi."

"Unaenda hospitali saa hii. Na kabla ya kwenda unakunywa maji."

Hapo Mzee Robow akashtuka kama aliyeambiwa auze lori. "Saa hii? Mchana? Mbele ya hawa?"

"Mgonjwa amepewa ruhusa na Mungu mwenyewe. Wewe ni nani kumrudishia?"

"Hamdia, sijawahi. Tangu nikiwa kijana, sijawahi hata siku moja." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, na Hamdia akaona kwamba hakuwa akibisha bali akiomba. Siku hizo zote alizofunga zilikuwa ndizo mali yake. Hakuwa na nyingine aliyoichuma peke yake bila lori na bila jina la babu.

Hamdia akalia, bila kujificha. "Siku ya mfungo inalipwa, Aabo. Utailipa baada ya Idi. Baba halipwi."

Mzee akamtazama. Akawatazama madereva kule kivulini. Kisha akashika mwimo wa mlango, akajiinua, akasimama wima kama siku ile ya ufunguzi, akakohoa.

"Nyinyi mnaniangalia," akasema kwa nguvu zilizobaki. "Niangalieni vizuri. Robow anakunywa maji mchana wa Ramadhani. Daktari wangu ameamuru. Mwenye maneno aje amwambie yeye."

Hamdia akaingia akatoka na kikombe cha maji; Mzee akakipokea, akasema bismillahi, akanywa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa madereva alivuka barabara akaita tuktuk, na Lokaale, ambaye alikuwa amefuata kwa mbali akiogopa kufukuzwa kazi, akambeba Mzee kama gunia la mchele wa kuuzwa ghali, polepole.

Hospitali walimtoa damu. Ini lilikuwa limeshaanza kulalamika. Wakamtundikia dawa ya kulikinga na maji ya kuamsha figo, na daktari wa zamu akasema kwamba angekawia zaidi, hadithi ingekuwa nyingine. Homa yenyewe nayo ikapatikana. Ilikuwa brusela, ile ya maziwa mabichi ya ngamia, ambayo Mzee aliyanywa Biliqo kwa sifa zote, akimcheka Lokaale aliyeomba yachemshwe. Vidonge vyake vyote vilikuwa vikiifunika tu homa ile kwa turubai huku ikiendelea kusafiri ndani. Akaandikiwa dawa za kuitoa, za wiki nyingi, za kumeza kwa utaratibu.

Sirad alikaa kando ya kitanda na hakumwonea huruma hata kidogo. "Umenipa kichwa sina," alimwambia. "Umemfufua mama yangu ukampa magoti. Bado nani?" Mzee akageukia ukuta, na mabega yakatikisika kwa kicheko, na Sirad alipoona anacheka ndipo akalia.

Siku ya tatu ya Idi, kemisti ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamekula nyama kupita kiasi na matumbo yalikuwa yakidai haki yake. Hamdia alikuwa akimhudumia mama mmoja wa Leparua mwenye mtoto mgongoni aliposikia sauti mlangoni.

"Salaam aleikum."

Mzee Robow alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya Idi. Nyuma yake walisimama madereva wawili wa rika lake, wamenuna kidogo, kama watu walioletwa. Kiapo chake alikuwa amekilipia kafara jana yake, maskini kumi wakilishwa uani kwa Sirad mpaka wakashiba. Akatazama kizingiti kama mtu anayepima kina cha mto. Akatanguliza mguu wa kulia, akavuka.

Watu wakampisha aende mbele. Akakataa. Alisimama kwenye mstari nyuma ya mama wa Leparua, mikono nyuma, na akawageukia wenzake. "Hii si duka ya kupita tu. Hapa unaulizwa. Tayarisha mfuko yako."

Zamu yake ikafika. Akaweka kaunta karatasi ya hospitali ya zile dawa za brusela. Hamdia akaisoma, ingawa alikuwa anaijua kwa moyo. Akainua macho. Alitaka kusema maneno mengi, lakini kulikuwa na foleni, na babake alikuwa mteja, na mteja ana haki yake.

"Kuna dawa nyingine yoyote unakunywa siku hizi?"

Mzee Robow aliingiza mikono katika mifuko ya kanzu, wa kulia na wa kushoto, akaigeuza nje yote miwili mpaka bitana ikaonekana, nyeupe, tupu, mbele ya watu wote. Kisha akasubiri, kidevu juu.

"Hata ile ya dukani?" Hamdia akauliza.

"Hata ya kuombwa kwa jirani," Mzee akasema. "Na iko chupa ya magoti uliniwekea siku ya kwanza. Mama yako ameniambia. Kama bado iko, nimekuja kuichukua."